Nilihamisha Vigingi vya Reli, Sasa Mume Wangu Haamini Macho Yake

Mpendwa Shangazi Sara, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unijibu haraka kabla Jumamosi ya mwisho wa mwezi haijafika, kwa sababu siku hiyo kiberenge, kile kigari cha reli, kinapita kwa mara ya kwanza mbele ya shamba langu na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hakitakiwi kupita.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mkulima wa alizeti na mtama upande huu wa Itigi, kijiji nakuomba usikitaje, watoto wangu wote wameshaondoka nyumbani, na mume wangu, nimwite Lazaro, alifanya kazi kwenye genge la reli miaka ishirini na sita, kubadilisha mataruma yanayobeba reli, kushindilia kokoto na kunyoosha njia, mpaka alipostaafu nikasema asante Mungu, sasa nimempata mume. Kumbe sikumpata. Hapa kwetu palikuwa na reli ndogo ya zamani iliyokuwa ikienda machimbo ya kokoto, ikang'olewa kabla mimi sijaolewa, likabaki tuta lake tu na tangi la maji lililopasuka. Sasa miaka mitatu iliyopita wastaafu wakakusanyika chini ya Mzee Chediel, ambaye alikuwa mnyapara wao, wakaomba reli chakavu, wakaanza kuitandika upya ile njia kwa kujitolea, bila malipo, ili watoto wa shule na wageni waje kuona reli ilivyokuwa na kupanda kiberenge. Kipande cha kwanza kilipoisha wakasema wanairefusha mpaka kwenye tangi, na kati ya hapo na tangi lipo shamba langu, nililoachiwa na baba yangu mzazi, na mpaka wake ni ua wa minyaa uliopandwa na bibi.

Shangazi, mwanamume anayeamka alfajiri kila Jumamosi, msimu wa palizi, kwenda kubeba vyuma bila kulipwa hata shilingi, wewe ungefikiri nini? Mimi kwanza nilifikiri mwanamke. Nilimsikia kwenye simu akisema, "Cecilia, Jumamosi tunatandika mapema, usichelewe," nikasema haya, wameanza kutandika. Nikajifanya natafuta mbuzi aliyepotea nikaenda mpaka kwenye tuta, nikamkuta huyo Cecilia ni bibi mpishi wa uji, ananizidi miaka kumi na tano na goti moja halikunji, akanikaribisha kikombe nikanywa kwa aibu. Hilo likaisha.

Lakini lililofuata halijaisha. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilienda shambani nikakuta vigingi vinne vimepigwa ndani ya ua wangu wa minyaa, ndani Shangazi, siyo nje, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, na Lazaro alikuwa na rangi hiyohiyo kwenye kucha. Wewe unajua rangi nyekundu ina maana gani kwa mtu mwenye ardhi. Miaka tisa iliyopita ilipokuja barabara ya kijiji, jirani yangu aliwekewa alama nyekundu ukutani na nyumba haipo tena, na mimi nilikatwa kipande cha shamba kwa sababu mume wangu alisaini kwenye kikao bila kuniambia, akasema maendeleo ni ya wote. Nikamuuliza, "Baba Peniel, mnapima nini kwenye shamba langu?" Akanijibu, "Tunapima tu." Hilo neno "tu" ndilo lililonitia homa. Mtu asiyeficha kitu hasemi "tu".

Baada ya siku tatu nikamsikia nyuma ya jiko, anaongea na simu kwa sauti ya chini, "Kwa mama Peniel tutaweka, ila asijue kwanza mpaka iishe." Mama Peniel ni mimi. Na kesho yake nikakuta mataruma mawili makubwa ya mbao yamelazwa karibu na mlango wa shamba langu, pale ninapotokea na mkokoteni wa punda, yamechongwa ukingo upande mmoja, na yeye anapima upana wa mlango kwa hatua, aliponiona akageuka akajifanya anaangalia mawingu. Nikajua wananijengea kitu pale, kituo au choo cha wageni, na shamba la baba limekwenda kama lilivyokwenda lile la kwanza.

Basi Shangazi, Alhamisi moja mchana, mvua ilikuwa imelainisha udongo, nikapeleka mbuzi huko, nikang'oa kigingi kimoja baada ya kingine, nikavirudishia nje ya minyaa, kama mkono mmoja hivi kutoka vilipokuwa, nikavigonga kwa mgongo wa jembe, nikafukia mashimo ya zamani na kuyakanyaga, mbuzi nao wakakanyaga, hakuna aliyejua. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi mbili wakatandika. Nilikuwa napalilia huku nawaangalia, wanaweka fimbo yao ndefu kwenye kigingi, wanapiga alama kwenye tuta, wanalaza taruma, wanaendelea. Walipofunga reli, Lazaro akafanya kazi yake ambayo hata kwenye genge ilikuwa yake, analala kifudifudi, shavu kwenye chuma, anafumba jicho moja na kuitazama njia mpaka mwisho. Akasema, "Imepinda." Wakacheka. Akatazama tena, akasema, "Chediel, njia imepinda hapa kwetu, inatoka halafu inarudi." Benson, fundi wa kuchomelea ambaye ni mdogo kuliko wote, akapita na fimbo kigingi kwa kigingi, kila kimoja kikakubali. Mzee Chediel akamshika bega mume wangu mbele ya watu wote akamwambia, "Lazaro, jicho huchoka, kigingi hakichoki." Huo ni msemo wao wa genge, na mtu wa genge habishani nao.

Tangu siku hiyo Lazaro siye yule. Kazi ya kutazama njia amempa Benson. Baiskeli ameiegesha. Anatembea ameshika ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Alikwenda kwa daktari wa macho, akaambiwa macho yake yanalingana na umri wake, akaniambia yule daktari anamwonea huruma. Juzi ameniuliza mbuzi niliyemfunga ni wa rangi gani, na mbuzi ni mweupe, yupo mbele yake, na alikuwa anamwona ila haamini. Na nikwambie dhambi yote, mwanzoni nilifurahi, kwa sababu Jumamosi alibaki nyumbani tukapalilia pamoja. Sasa sifurahi. Anaamka ananyoosha mkono mbele ya uso wake anahesabu vidole.

Nikisema, watanicheka kijiji kizima, na watarudisha njia kwenye shamba langu, na bado sijui walitaka kuniwekea nini pale mlangoni. Nikinyamaza, mume wangu anakuwa kipofu mwenye macho, na wazee sita watapanda kiberenge. Je, nivirudishe vile vigingi kimyakimya kama nilivyovitoa? Nishauri Shangazi, ila jina langu lifiche.

Ni mimi,
Mwenye Shamba


SHANGAZI SARA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumatatu na sikungoja gazeti. Nilikupigia simu mchana uleule nikakwambia jambo moja, kiberenge kisipite, nenda kamwambie Mzee Chediel leo. Ukaniambia, "Sawa Shangazi," kwa sauti ya mtu anayetaka simu ikatwe. Nikakuuliza kama nichapishe barua hii, ukasema nichapishe. Basi nimechapisha. Majina yote nimeyabadilisha, ila reli sikuweza kuibadilisha, maana huko kwenu iko hiyo moja. Gazeti hufika Itigi na basi la Ijumaa. Fanya hesabu mwenyewe.

Sasa nisikilize, maana umemwandikia mtu usiyemjua vizuri. Mimi nimezaliwa kambi ya genge. Baba yangu alikuwa mtu wa mtaimbo na kokoto, na nyumba yetu ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye njia. Nilipokuwa darasa la nne, kiberenge cha genge lao kiliacha reli mahali ambapo njia ilikuwa imesogea kidogo kuliko mkono wako huo mmoja. Baba alitembea na gongo mpaka alipokufa. Kwa hiyo usiniandikie "wazee sita watapanda" katikati ya sentensi kama unayetaja idadi ya kuku. Hilo ndilo la kwanza, mengine yote yanafuata.

La pili litakuuma. Umeona kigingi ndani ya minyaa yako ukasema reli inapita hapo. Mwanangu, umekaa na mtu wa genge miaka yote hiyo na hukuwahi kumuuliza kigingi hupigwa wapi? Kigingi hakipigwi njia inapopita! Kikipigwa hapo, kokoto itakifukia siku ya kwanza. Kinapigwa pembeni, mbali na kazi, halafu watu wanapima kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye njia kwa fimbo ya urefu mmoja. Hiyo fimbo umeiona kwa macho yako, umeniandikia mwenyewe, umeitazama Jumamosi mbili huku unapalilia, na hukujiuliza inapima nini. Njia ilikuwa inapita juu ya tuta la zamani, palepale ilipopita kabla hujaolewa. Kigingi kilikuja kwenye shamba lako kusimama tu. Ulipokisogeza nje kwa mkono mmoja, njia nayo ikasogea mkono mmoja kuelekea upande wa pili wa tuta. Umeifukuza reli iliyokuwa inakupa mgongo.

Ndiyo maana Benson alikuta kila kigingi kinakubali. Fimbo ilikuwa sahihi na vigingi vilikuwa vya uongo. Katika watu wote waliosimama pale, aliyeona kweli alikuwa mmoja, amelala kifudifudi, na wewe ulikuwa na jembe mkononi unamwangalia akichekwa.

Sitakukaripia kwa kuwa na shaka. Mwanamke ambaye shamba la baba yake limewahi kukatwa kwa saini ya mumewe ana haki ya kushtuka akiona rangi nyekundu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na Lazaro, kama gazeti hili limefika mkononi mwako kabla mkeo hajafika, na wewe nina neno lako. Ulisaini kipande cha ardhi ya mkeo kikaoni, ukaja nyumbani na hotuba ya maendeleo. Miaka tisa imepita na hujawahi kumwomba radhi, ningeliona kwenye barua hii kama ungewahi, maana mama huyu hasahau kitu. Kisha ukapiga vigingi kwenye shamba lake bila hodi, ukaulizwa, ukajibu "tunapima tu". Maneno matano zaidi yangetosha. "Njia haiji kwenye shamba lako." Nimeyahesabu, ni matano. Ubahili wa maneno umekugharimu macho yako.

Narudi kwako, mama. Unataka kujua walikuwa wanakuwekea nini mlangoni. Sikuapii, kwa sababu sijafika. Ila mtoto wa genge akisikia mataruma mawili ya mbao, yamechongwa ukingo upande mmoja, yamelazwa mahali mkokoteni unapotokea, na mtu anapima upana wa mlango, hafikirii choo. Anafikiria kivuko. Mbao zile hulazwa katikati ya reli, ukingo uliochongwa unaacha nafasi ya gurudumu la kiberenge, na mkokoteni unavuka juu yake bila kukwama wala kuvunja mguu wa punda. Bila kivuko, wewe na alizeti yako mngezunguka mpaka mwisho wa njia kila siku ya mavuno. Nadhani mumeo alikuwa anakutengenezea mlango, akataka uukute umekwisha. Siri ya zawadi na siri ya wizi husemwa kwa sauti ileile ya chini nyuma ya jiko, na mwenye kusikia hana namna ya kuzitofautisha ila kuuliza. Kamuulize. Nikiwa nimekosea, niandikie, nitaomba radhi hapahapa kwenye safu hii.

Umeuliza kama uvirudishe vigingi kimyakimya. Usithubutu. Reli imeshafungwa. Ukivirudisha leo, kesho fimbo itakataa, watasema Benson alipima vibaya, na utakuwa umemtoa mumeo shimoni kwa kumtumbukiza mtoto wa mwenzio. Na mumeo hatapona kwa njia hiyo. Atajua njia ilipinda, lakini hatajua kwa nini aliyemwona akichekwa alinyamaza. Jambo hili lilifanywa na mdomo uliofungwa, dawa yake ni mdomo kufunguliwa.

Unaogopa kuchekwa. Utachekwa, mwanangu, sikudanganyi. Watu wa genge wanajua kucheka. Watakuita Bi Vigingi mpaka wajukuu zako waolewe. Lakini kucheka huisha jioni, na mwanamume anayehesabu vidole vyake kila asubuhi haishi jioni. Chagua.

Fanya hivi. Kama bado hujaenda, nenda leo hii kwa Mzee Chediel. Msalimie kwa heshima, mwambie wazi vigingi vilihamishwa na vilihamishwa na nani, na kiberenge kibaki kimefungwa. Usimweleze sababu, sababu ni ya mumeo kwanza. Tarehe ya uzinduzi isogee, hakuna aliyekufa kwa uzinduzi kusogea. Jumamosi wakija kung'oa kipande kile na kukinyoosha, usikae kwenye minyaa unachungulia. Shika beleshi, wewe ndiye umeongeza hiyo kazi. Mwombe Benson radhi kwa jina lake, alipima kweli akapewa uongo. Na ile saini ya miaka tisa usiibebe tena tumboni, itoe siku hiyohiyo, mbele ya Mzee Chediel, na mkubaliane kwamba asikanyage mtu shamba lako na kigingi bila kukupigia hodi wewe, siyo mumeo.

Lakini kabla ya Mzee Chediel, yupo Lazaro. Usimwambie nyumbani. Nyumbani atasema unamfariji, kama alivyosema daktari anamwonea huruma. Mshike mkono, mpeleke kwenye tuta. Atashika ukuta, atashika minyaa, mwache ashike. Mkifika mwambie alale kama anavyolalaga, shavu kwenye chuma, afumbe jicho moja. Atakwambia hawezi tena. Mwambie alale. Wewe kaa chini karibu yake, usisimame juu yake, kisha muulize anaona nini.

Usimsaidie kujibu. Akisema imepinda, inatoka halafu inarudi, mwambie, "Umeona sawasawa, Baba Peniel. Hiyo ni kazi ya mkono wangu."